Paka wa Ghala Akifa: Jinsi ya Kuleta Paka Wapya

Mkulima akifiwa na ng'ombe, majirani huja kumpa pole. Hukaa naye kitambo, huuliza ugonjwa ulianzaje, na wengine humpa shauri jema la kupata mtamba mwingine. Lakini akifiwa na paka ni nadra kusikia pole. Watu husema, "Ni paka tu," na watoto wanaolia huambiwa wanyamaze. Mzoga hutupwa nyuma ya ua, na siku ya soko mtu huleta mtoto wa paka ndani ya kikapu, na kazi huendelea kama kwamba halikutokea jambo.

Twataka kuwaambia wasomaji wetu kwamba njia hiyo si njema, kwa sababu mbili. Kwanza, paka aliyekaa nyumbani miaka minane au kumi ni mfanyakazi wa nyumba hiyo na tena ni mwenzi wake. Kumsikitikia si upuuzi. Pili, na hili ndilo kubwa, kile kilichomuua mara nyingi kingali pale pale nyumbani, kinamngoja wa pili. Mtu aletaye paka mpya bila kuuliza habari za kifo cha yule wa zamani huenda akachimba kaburi la pili kabla ya mvua nyingine kunyesha.

PAKA NA MKULIMA

Urafiki wa paka na mkulima ni wa zamani sana, nao ulianza ghalani. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima ngano na shayiri, waliweka nafaka akiba. Panya wakaja kula nafaka, na paka-mwitu wakaja kula panya. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza vinasaba vya paka wa nchi nyingi walitangaza kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-mwitu wa nchi hizo. Ndugu zao, paka-mwitu wa Afrika, bado wako hapa Kenya, na mkulima akaaye karibu na msitu huenda amemwona mmoja akivuka njia alfajiri.

Kisiwani Kupro wachunguzi wa mambo ya kale walifukua kaburi la mtu aliyezikwa miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Kando yake, umbali usiofika hata nusu mita, alikuwa amelazwa paka. Huko Misri ya kale, Mgiriki aitwaye Herodotus aliandika kwamba paka akifa katika nyumba, watu wote wa nyumba hiyo walinyoa nyusi zao kuonyesha msiba. Na wenzetu wa pwani wanajua kwamba jina la Abu Huraira, sahaba wa Mtume, maana yake ni baba wa paka mdogo. Tena wanafundishwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, mpaka akafa. Basi anayemlilia paka wake asione haya. Ana wenzake wengi, wa zamani na wa leo.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Panya mmoja wa nyumbani akila gramu 20 za mahindi kwa siku, kwa mwaka mzima atakula kilo 7 na zaidi. Panya 12 watakula karibu gunia zima la kilo 90. Hayo ni yale wanayokula tu. Bado hatujahesabu yale wanayoyachafua kwa mkojo na mavi, wala magunia wanayoyatoboa. Na panya hawakai 12. Mimba ya panya ni wiki tatu hivi, na wako panya wa mashambani ambao huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Ndiyo maana wazee walisema, "Paka akiondoka, panya hutawala." Nyumba iliyopoteza paka mwezi wa Oktoba, mahindi yanapoanza kuingia ghalani, itaona tofauti kabla ya Krismasi.

ULIZA KWANZA KILICHOMUUA

Kabla ya kutafuta paka mwingine, kaa na watu wa nyumbani mwulizane: Alikufaje? Alianza lini kuugua? Alitapika? Alikula nini? Ni nani aliyeweka dawa, na aliiweka wapi? Maswali haya si ya kumtafuta mwenye makosa. Ni ya kuwaokoa paka wajao. Sababu zinazoonekana mara nyingi mashambani ni hizi.

Sumu ya panya. Aina nyingi za siku hizi humfanya panya atokwe na damu ndani ya mwili. Haziui papo hapo. Panya hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, naye huyo ndiye rahisi kukamatwa na paka. Paka akila panya wa namna hiyo mara kwa mara, sumu huingia katika mwili wake. Dalili zake ni fizi kuwa nyeupe, kuchoka, kupumua kwa shida, na pengine damu puani au kwenye choo. Akifikishwa mapema kwa daktari wa mifugo, aweza kupona kwa dawa ya vitamini K.

Vidonge vya kufukizia nafaka ni hatari kubwa zaidi. Hutoa hewa ya sumu vinapopata unyevu, na hewa hiyo imekwisha kuua hata watu waliolala chumba kimoja na magunia. Haifai kabisa kuvitumia kama chambo cha panya.

Dawa ya kupe. Watu wengi huona viroboto juu ya paka, wakachovya kitambaa katika dawa iliyobaki ya kunyunyizia ng'ombe na kumpaka. Huku ni kumuua. Dawa zenye pamethrini na zile zenye amitrazi, ambazo ng'ombe na mbwa huzistahimili, ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja pamethrini, naye hujilamba manyoya na kuimeza. Hutetemeka, hudondosha mate, kisha hupatwa na kifafa. Vivyo hivyo dawa za maumivu za binadamu: kidonge kimoja tu cha parasetamoli chatosha kumuua paka mzima.

Ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara. Huu hushambulia zaidi watoto wa paka, nao huua upesi, pengine katika siku mbili au tatu. Virusi vyake vyaweza kukaa nyumbani hata mwaka mzima vikiwa hai katika magunia, sanduku la kulalia na sakafu. Mtoto wa paka aletwaye katika nyumba hiyo bila chanjo yumo hatarini tangu siku ya kwanza.

Kichaa cha mbwa. Paka naye huupata. Ikiwa paka wako mpole aligeuka ghafula akawa mkali, au alidondosha mate asiweze kumeza, au sauti yake ilibadilika, kisha akafa, usimguse kwa mikono mitupu wala usimtupe. Peleka habari upesi katika ofisi ya mifugo. Mtu yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba.

Mwisho ni uzee. Paka wa miaka 14 au 15 akianza kukonda na kunywa maji mengi, pengine figo zake zimechoka. Huyo ametimiza kazi yake, na hakuna wa kulaumiwa.

PAKA WALIOSHUKA KWA MIAVULI

Kuna habari moja ya nchi ya mbali ambayo yafaa kukumbukwa na kila anayeshika bomba la dawa. Katika miaka ya 1950, watu wa Sarawak katika kisiwa cha Borneo walipuliziwa dawa kali katika nyumba zao ili mbu wa malaria wafe. Dawa zilisaidia kupunguza malaria, lakini zilikaa ukutani na sakafuni. Paka walijisugua hapo, wakajilamba, na katika vijiji vingi wakafa. Panya wakazidi. Mwaka 1960 ndege ya Jeshi la Anga la Uingereza iliruka kutoka Singapore ikiwa na paka wapatao 20 ndani ya vikapu, ikawashusha kwa miavuli katika nyanda za Bario, mahali ambapo hapakuwa na njia ya gari.

Watu hucheka wasikiapo habari ya paka wenye miavuli. Lakini mkulima ajiulize: paka hao wangefaa nini kama wangeshushwa katika nyumba ambazo kuta zake zingali na sumu ile ile? Wetu huja kwa kikapu tu, lakini jambo ni lile lile.

MAMA ALIYETAKA SUMU

Baada ya mavuno moja, mama mmoja mzee alifika katika ofisi yetu. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika shida za watu na kuwapeleka kwa afisa anayehusika. Nilipomwuliza haja yake, alisema, "Mwanangu, nitafutie dawa kali ya panya. Ile ya dukani hainisaidii tena."

Nikamwuliza, "Mama, nyumbani hamna paka?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba alikuwa naye kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe alipofariki, paka huyo ndiye aliyelala mlangoni pake kila usiku. Sasa amekufa miezi miwili iliyopita, na watoto wake wamekwisha mletea paka mara mbili, naye amewarudisha. "Wanataka niseme kwamba huyu ndiye yule," alisema. "Sitaki."

Bwana Shamba alikwenda kwake siku ya tatu. Katika magunia 14 aliyokuwa nayo, matatu yalikuwa yametobolewa chini, na mahindi yake yamechanganyika na mavi ya panya. Nyuma ya ghala, chini ya mabati ya zamani, kulikuwa na visahani viwili vyenye nafaka iliyotiwa rangi. Ilikuwa ni sumu. Kijana wa nyumbani ndiye aliyeiweka kwa nia njema, ili amsaidie mama yake, na wala hakujua kwamba paka aweza kufa kwa kula panya. Mama alikuwa amekuja kwetu kutafuta kwa bidii kitu kile kile ambacho, kwa dalili zote alizoeleza, ndicho kilichomwondoa paka wake.

Hakumkaripia kijana. Alikaa juu ya gunia, akamwuliza Bwana Shamba ni siku ngapi sumu hukaa katika mwili wa panya. Tangu hapo hakutaka tena dawa. Waliondoa visahani, wakatega mitego, wakainua magunia juu ya mbao, na mwezi uliofuata mama mwenyewe alikwenda kwa jirani kuchagua paka wawili.

MOYO NA GHALA

Wengine hufanana na mama huyo. Huona kwamba kuleta paka mwingine ni kumsahau yule aliyekufa. Kwao twasema hivi: paka mpya hachukui nafasi ya mtu yeyote. Anakuja kufanya kazi ambayo imebaki bila mwenyewe, na atapendwa au hatapendwa kwa tabia zake mwenyewe.

Hakuna sheria ya siku ngapi mtu angoje. Mwingine ataleta paka baada ya wiki mbili, mwingine baada ya mavuno mawili. Asilazimishwe. Lakini kwa kuwa panya hawangoji, wakati huo tegeni mitego ya kubana, fyekeni majani kuzunguka ghala, na inueni sakafu ya ghala kiasi cha mita moja kutoka ardhini, kila mguu ukivikwa bati lililokunjwa mfano wa faneli ili panya wasipande. Hivyo mtu atapata nafasi ya kuomboleza bila kuipoteza akiba ya mwaka.

Watoto waambiwe kweli. Usimwambie mtoto kwamba paka amekwenda safari, maana atamngoja mlangoni kila jioni, na siku atakayoijua kweli hatakuamini katika mengine. Mwacheni awepo paka anapozikwa. Kaburi liwe na kina cha kutosha, nusu mita au zaidi, ili mbwa wasimfukue, na liwe mbali na kisima. Kama paka alikufa kwa sumu, kumzika vema ni lazima, kwa maana mbwa au ndege akila mzoga huo naye aweza kufa.

SAFISHA NYUMBA KABLA YA KULETA MGENI

Kusanya sumu yote iliyotegwa, hata ile ya darini iliyosahauliwa. Usiitupe mtoni wala chooni. Mwulize Bwana Shamba namna ya kuiondoa katika eneo lako. Kwa muda wa mwezi mmoja okota panya waliokufa kila asubuhi, ukiwa umevaa mifuko ya plastiki mikononi, na uwafukie. Majirani nao waambiwe, maana panya hajui mpaka wa shamba.

Kama paka alikufa kwa kutapika na kuhara, choma magunia aliyolalia. Osha vyombo na sakafu kwa sabuni, kisha chukua kikombe kimoja cha dawa ya kung'arishia nguo, ile yenye klorini, uchanganye na vikombe 30 vya maji, upake mahali hapo na kuacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Hata baada ya hayo, usilete ila paka aliyekwisha kumaliza chanjo zake.

CHAGUA WAWILI

Watu wengi huchukua mmoja tu. Sisi twashauri wawili, hasa ndugu wa tumbo moja. Hucheza pamoja, hufundishana, hupashana joto usiku, na hawatoroki kwa upweke. Tena mmoja akipatwa na ajali, ghala halibaki tupu.

Uliza habari za mama yao. Paka hujifunza kuwinda kwa kumtazama mama akileta panya, kwanza waliokufa, halafu walio hai. Mtoto wa paka mwindaji ni bora kuliko yule mzuri wa rangi aliyekulia jikoni. Mwache kwa mama yake mpaka atimize wiki nane. Anayetwaliwa akiwa na wiki nne, kwa sababu tu ameanza kutembea, huwa dhaifu na hajui kuwinda. Lakini ni vema ashikwe na kuzoezwa watu tangu wiki ya pili au ya tatu, akiwa bado kwa mama yake, maana ndio wakati anapojifunza kutoogopa binadamu.

Tazama macho yawe makavu, pua isiwe na makamasi, tumbo lisiwe limevimba kwa minyoo, na sehemu ya nyuma iwe safi. Kama jirani anahama na ana paka mkubwa hodari, usimkatae. Paka mkubwa aliyezoea kazi aweza kuanza kuwinda mara tu akishazoea mahali.

SIKU ZA KWANZA

Paka mpya akifunguliwa siku ile ile hurudi kwao au hupotea. Mfungie katika ghala au chumba kwa wiki tatu hata nne. Mpe maji, chakula, boksi lenye mchanga au majivu yaliyopoa, na gunia la kulalia lenye harufu ya kwao. Mtu mmoja awe anampelekea chakula kila siku saa ile ile, akimwita kwa jina. Siku ya kumfungulia, mfungulie kabla ya chakula cha jioni, ili njaa imrudishe.

Kama nyumbani amebaki paka wa zamani, kumbuka kwamba huyo naye amepoteza mwenzake. Pengine atalia usiku au atapunguza kula kwa siku kadhaa. Usimtupie mgeni mbele yake. Waweke mbali, kila mmoja na sahani yake, na baada ya siku chache badilishana magunia yao ya kulalia ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake. Kisha waonane kupitia mlango wa wavu, na mwishowe wakutane wakati wa kula. Kazi hii huchukua wiki moja, mbili, na hata zaidi. Wakikoromeana kidogo si neno. Mbwa naye afungwe kamba mara za kwanza, na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia.

MLISHE, ATAWINDA ZAIDI

Liko neno la zamani lisilo la kweli, kwamba paka akishiba hawindi. Mwaka 1953 mtaalamu wa Oxford aitwaye Charles Elton aliandika habari za paka wa mashamba ya Uingereza. Aliona kwamba mahali panya walipokwisha kujaa, paka peke yao hawakuweza kuwamaliza. Lakini panya walipoondolewa kwanza kwa njia nyingine, paka waliopewa maziwa kila siku waliwazuia wengine wasirudi. Hapo pana mafunzo mawili. Kwanza, tega mitego na usafishe ghala kabla ya kumtarajia paka afanye kazi. Pili, lisha paka wako, kwa maana mwenye njaa huondoka kutafuta chakula mbali, na aliyelishwa hukaa karibu na ghala na kuwinda kwa tabia yake.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengine wakubwa. Yakimfanyia hivyo yaache, mpe maji. Wala asiishi kwa ugali mtupu. Mwili wa paka wahitaji kitu kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki. Akikikosa muda mrefu macho hupofuka na moyo hudhoofika. Omena kidogo, matumbo au mapafu yaliyopikwa, yakichanganywa na ugali, ni chakula chema cha bei nafuu.

CHANJO NA KUHASI

Chanjo ya magonjwa ya paka huanza katika wiki ya nane hivi na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari atakavyoagiza. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kila tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia nzima ya kupambana na ugonjwa huu. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti yenu siku za chanjo, na mnapopeleka mbwa msisahau paka. Paka achukuliwe katika kikapu chenye kifuniko au gunia jepesi lipitishalo hewa, asishikwe mikononi penye mbwa wengi.

Paka jike aweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi sita, na aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Wasipohasiwa, wawili watakuwa kumi, nao kumi hawana chakula. Huanza kula vifaranga na kuambukizana magonjwa. Dume asiyehasiwa huzurura na kurudi na majeraha. Tena paka wengi wasio na kwao huingia msituni wakazaana na paka-mwitu, na hivyo kuharibu kizazi chake. Basi daktari awahasi wote wawili, dume na jike. Hawataacha kuwinda.

AFYA YA WATU

Mavi ya paka huweza kuwa na kijidudu cha toksoplazma, ambacho ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kijidudu hicho hakiambukizi siku ile ile kitokapo. Huchukua siku moja au zaidi. Kwa hiyo mchanga wa paka uondolewe kila siku, na mama mjamzito asiushike, bali mtu mwingine aufanye kazi hiyo kisha anawe mikono. Osheni mboga za bustani vizuri. Nafaka iliyomwagwa sakafuni ifunikwe, paka asiigeuze choo. Kazi yake ni kulinda nje ya gunia.

JINA NA TABIA

Mwisho twawashauri msimpe paka mpya jina la yule wa zamani. Watoto wakimwita kwa jina hilo watamtaka afanye kama yule: alale pale alipolala, aje mbio vile vile, aketi juu ya paja lile lile. Asipofanya, watamwona mbaya bila kosa. Pengine yule wa kwanza alikuwa mpole na huyu hataki kushikwa. Pengine huyu atakamata panya wawili kwa usiku pale yule alipokamata mmoja. Mwacheni awe yeye. Watoto na wamchagulie jina wenyewe, nao wapewe kazi ya kumwekea maji kila asubuhi.

Wenye shida ya panya ghalani au wanaotaka kujua habari za chanjo, waende kwa Bwana Shamba au kwa afisa wa mifugo wa wadi yao. Waende na majibu ya yale maswali tuliyoyataja: alikufaje, lini, na nyumbani pana dawa gani. Kwa hayo watasaidiwa upesi, nao paka wapya watakuta ghala lililo salama kwao.